Mtumbwi Haujafika

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Adela kwenye kibanja chake cha Buhembe, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku ya nne asubuhi niliwasha gari langu ili nimrudishe Tata nyumbani, na kwenye dashibodi ikawaka ile taa ndogo ya bluu ambayo madereva wengi hawaijali. Ilikuwa baridi, ile baridi yetu ambayo ukiwasimulia watu wa Dar wanadhani unatia chumvi. Nilikuwa na haraka, maana nikishamfikisha Kamachumu nilipaswa kuendelea na safari hadi Mwanza. Nikashika mkono wa gia. Tata, aliyekaa kushoto kwangu na fimbo yake kati ya magoti, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Alikuwa hajasema kitu bado, lakini nilijua atakachosema, kwa sababu maneno yale niliyatunga mimi nikiwa na miaka minane.

Tata ni baba yangu. Kihaya chetu ndivyo kinavyomwita, nami sijawahi kumwita vingine. Zamani alikuwa dereva wa lori la kahawa. Wala hakuwa dereva tu, alikuwa dereva na maringo yake, na ninyi mnaotujua Wahaya mnajua maringo yetu hayahitaji mtaji. Alipokuwa akipandisha mlima kuja Kamachumu, Mama alisikia gia zikibadilishwa kule chini, akainjika maji ya kuoga. Alijua kwa mlio tu kwamba mumewe amefika kona ya pili. Kisha mvua moja ya masika ikalivuta lori mtaroni, na mguu wa kushoto wa Tata ukabanwa palepale penye klachi. Hawakuukata. Ulibaki, ila ulibaki kama mgeni: yumo ndani ya nyumba lakini humtumi kazi.

Dereva asiyeweza kukanyaga klachi hana lori. Tata alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, kwenye kiti cha mbao nje ya mlango, akitazama barabara. Watu wakipita kumsalimu aliitikia kwa adabu zote, lakini macho yake hayakutoka kwenye magari yao. Nakumbuka nilivyokuwa nakichukia kile kiti. Kuna siku nilikificha kwenye migomba, akakaa juu ya debe.

Aliyemtoa hapo ni tajiri wake, Babu Hasham, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki na maduka pale Bukoba mjini. Alikuwa anajiandaa kuwafuata watoto wake ng'ambo, akaamua gari lake dogo la Kijapani libaki kwa Tata. Lilikuwa otomatiki, halina klachi. Siku ya kulichukua nilikuwa nimeshikilia suruali ya Tata, nikamsikia yule mzee akisema, "Rwegasira, huyu mguu mmoja unamtosha. Lakini asubuhi mpe nafasi, usimlazimishe. Baridi ya kwenu huko juu si ya hapa mjini."

"Kasinge waitu, kasinge sana," Tata alishukuru, akiinama hadi fimbo ikateleza. Moyoni, kama alivyotuambia baadaye, alikuwa anajiuliza tangu lini mtu aliyepandisha tani kumi mlimani akafundishwa kuendesha birika.

Birika lile lilimfundisha adabu. Asubuhi kwetu Kamachumu ukungu hutoka ziwani, ukapanda, ukajaa kwenye migomba hadi huoni jiko la jirani. Tata angewasha gari, aweke gia kwenye D papo hapo na kukanyaga mafuta. Gari lingesimama kimya, likiwaza. Halafu, wakati ameshaanza kulitukana, lingeruka mbele kwa kishindo, kofia ya Tata ikamwangukia puani. Barabarani lilikuwa linapiga kelele kwenye gia ndogo, halitaki kupanda gia nyingine mpaka tumefika mbali. Mimi nilikuwa naona kitu kimoja zaidi ambacho wengine hawakukiona. Kila gari liliposita, ule mguu mgonjwa wa Tata ulijivuta mbele kidogo, ukatafuta klachi, ukakuta hewa. Niliona huruma mpaka nikawa natazama dirishani.

Sasa ile taa. Kwenye dashibodi, kila asubuhi, kulikuwa na alama ya bluu: mlingoti wenye vibendera upande mmoja, na chini yake mawimbi mawili. Leo najua ni picha ya kipimajoto kilichochovywa majini. Wakati ule nilijua, bila shaka yoyote, kwamba ni mtumbwi. Kutoka ukingoni mwa kilima chetu, ukungu ukiondoka, unaliona ziwa lote, na jua linatokea hukohuko kwenye maji. Basi hesabu yangu ilikuwa rahisi: joto linatoka ziwani, gari limeamka na baridi, kwa hiyo limetuma mtumbwi kwenda kulichukua. Taa ikizimika, mtumbwi umefika na mzigo wake, na gari linakwenda vizuri. Nilikuwa nimelichunguza jambo hili asubuhi nyingi na halikuwahi kunidanganya.

Siku moja nikamwambia. "Tata, usiliondoe. Mtumbwi haujafika."

"Mtumbwi gani?"

Nikamwonyesha. Aliitazama ile alama, akanitazama mimi, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ajali. Lakini hakungoja. Dereva wa lori hangoji mtumbwi.

Mwaka huo Shangazi Adela akachumbiwa. Hapa lazima nieleze, maana jambo lote limo humu. Adela alikuwa mdogo wa Tata, wa mwisho kabisa. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na aliyembeba baada ya hapo ni Tata. Alimlea kwenye kiti cha lori. Alimpeleka shule akiwa amekaa kati ya magunia na utingo, na kila Adela alipolia kwamba wenzake wanamcheka kwa kunuka dizeli, Tata alimwahidi: siku ya harusi yako sitakupandisha lori, nitakuendesha mimi mwenyewe kwenye gari dogo hadi mlangoni mwa kanisa. Ahadi hiyo kila mtu wa nyumbani aliijua. Na baada ya ajali kila mtu aliionea haya, akawa haitaji.

Misa ilikuwa Kashozi kwa kina bwana harusi, saa nne asubuhi, kwa hiyo ilibidi kuondoka Kamachumu alfajiri ikiwa baridi bado. Baba mdogo Deo, anayemfuata Tata kwa kuzaliwa, akatafuta pikapu ya rafiki yake na kuipamba maua. Hakusema ni ya nini. Iliegeshwa tu pale chini ya mparachichi, imeoshwa. Tata aliiona ilipofika Ijumaa jioni. Aliizunguka mara moja, akiigonga matairi kwa fimbo, kisha akaniita.

"Koku, njoo unishikie kitu."

Tulikwenda nyuma ya nyumba alikoegesha gari lake. Alikuwa na dumu la oili ya gia ya lori, iliyobaki kutoka enzi zake, nyeusi na nzito, inashuka polepole kama asali. Alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye gia boksi ya gari, akakifuta kwa kidole, akanionyesha oili iliyokuwamo, nyekundu na nyepesi. "Unaona? Maji matupu haya. Juisi. Ndiyo maana asubuhi halina nguvu. Kesho halitatuaibisha." Akachuma jani la mgomba, akalikunja kuwa faneli, nikalishika kwa mikono miwili huku yeye akimimina. Ilinuka kama lori lake. Ilinuka kama yeye alivyokuwa akinuka zamani akirudi nyumbani, na nilifurahi sana, nikadhani gari nalo litafurahi.

"Usimwambie mama yako," alisema.

Sikumwambia.

Kwetu bibi harusi haondoki nyumbani kabla ya kukalishwa mapajani mwa wazazi wake, mara ya mwisho kama mtoto wao. Asubuhi ile nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mpya na inanukia rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyokuwa ikichacha nyuma. Shangazi alikuja na gauni lake jeupe na sweta juu, maana kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Yeye hakuwa na baba wala mama. Tata akakaa kwenye kile kiti cha mbao, Mama akakaa pembeni yake, na Shangazi akataka kukaa kwenye paja la kulia tu ili asimuumize. Tata akamvuta. "Kote," alisema. Akakaa kote. Niliona mshipa wa shingo ya Tata ukisimama, lakini mikono yake ilimshika dada yake kiunoni na haikulegea. Walikaa hivyo mpaka wanawake wakaanza kukohoa, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda.

Tukaingia garini. Mimi mbele, na kikapu changu cha maua, Shangazi na mpambe wake nyuma. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili za njia wakiimba. Tata akawasha, mtumbwi ukawaka, akaweka D, akakanyaga.

Gari halikwenda. Akakanyaga zaidi, injini ikanguruma, nyimbo zikapungua, gari limeganda palepale kama limepigwa misumari. Akarudisha gia, akaweka tena. Ikaanza kusikika harufu kali ya kuungua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukijivuta, ukijivuta, ukitafuta klachi. Nje nyimbo zikaisha kabisa, nami nikakumbuka lile jani la mgomba na mikono yangu iliyolishika, nikaanza kulia kimyakimya.

Baba mdogo Deo akainama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Kaka, tusibishane na chuma. Pikapu iko tayari. Adela ashuke, wewe utakuja nasi, utakaa mbele."

Tata alikuwa anatazama usukani, na niliona uso wake ukianza kurudi kuwa ule wa kwenye kiti, ule wa kutazama barabara. Naweza kusema leo kwamba sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyouogopa uso ule.

Kutoka nyuma Shangazi akasema, "Sishuki."

"Adela, padre atafunga mlango."

"Afunge. Kaka yangu alisema atanipeleka. Nitakaa humu mpaka anipeleke, hata kama ni Pasaka." Akafunga kioo chake, na kwa kuwa kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono na kigumu, kazi hiyo ilimchukua muda, na Baba mdogo alibaki amesimama akimwangalia anavyokizungusha.

Ndipo nikafuta machozi na kusema lililokuwa moyoni. "Tata, mtumbwi haujafika."

Aliitazama ile taa. Aliitazama muda mrefu kuliko siku ile alipocheka. Kisha akarudisha gia, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaegemea kiti. "Haya," akasema. "Tuungoje."

Tukaungoja. Sijui ni dakika ngapi. Kwa mtoto zilikuwa nyingi kama za misa. Injini ilikuwa ikiunguruma taratibu, vioo vikajaa mvuke wa pumzi zetu, tukawa hatuwaoni tena watu wa nje nao hawatuoni. Mpambe alitaka kusema kitu, Shangazi akamgusa goti. Mimi sikuondoa macho kwenye taa. Na taa ikazimika.

Tata akakanyaga breki, akaweka D. Gari likakaa kidogo, kisha likainama mbele taratibu, kama mtu anayeitikia salamu.

"Umefika, Tata!"

"Najua," alisema. "Ngoja kidogo."

Hakuondoka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yake yako kwenye kioo cha juu, kile cha kutazamia nyuma. Nilidhani analiogopa gari, nilidhani haliamini. Tukakaa tena. Halafu akashusha pumzi, akaondoa mguu kwenye breki, na gari likatoka bila kishindo chochote, polepole, likipita kati ya watu waliopiga vigelegele mpaka ukungu ukatetemeka. Alishuka nalo kilima kile kana kwamba amebeba mayai. Tulichelewa Kashozi, padre alikunja uso, na Shangazi Adela akafikishwa mlangoni mwa kanisa na kaka yake, kwenye gari dogo.

Jumatatu Tata alilipeleka gari kwa Fundi Swedi, Bukoba mjini, nami nikaenda naye kwa kuwa nilikuwa shahidi. Fundi alifungua nati chini ya gia boksi, akaona kinachotoka, akapiga magoti kwenye vumbi kana kwamba anaswali. "Mzee Rwegasira, umemnywesha uji mgonjwa wa koo! Hii gari haina klachi ya mguu, kinachosukuma gia zake ni hii oili yenyewe. Hata ile yake nyepesi, ikipigwa na baridi inakuwa nzito, inachelewa kupita, ndiyo maana asubuhi inasitasita. Sasa wewe umeongeza ya lori! Kama usingeiacha ipate moto, ungeizika hapohapo."

"Nilishauriwa," Tata alisema, akinitazama kwa jicho moja.

Nikaona ni nafasi yangu, nikamwuliza fundi kuhusu mtumbwi. Akanieleza ukweli, kwamba ni kipimajoto, na kwamba kinasema tu injini bado baridi. "Tena gia boksi inachelewa kupata moto kuliko injini," aliongeza. "Hata hiyo taa ikizimika, mpe tena muda kidogo." Nilisikitika kuupoteza mtumbwi wangu. Lakini angalau nilielewa kwa nini Tata aliendelea kungoja siku ile, na nikamheshimu zaidi kwa kulijua gari kuliko nilivyofikiri.

Nyumbani mtumbwi haukupotea. Mama akichelewa kuvaa, Tata alituambia mtumbwi haujafika. Nilipofeli hesabu mara ya kwanza alisema hivyohivyo, na hakunichapa. Aliliendesha gari lile miaka mingi, akibeba walimu, wagonjwa na mashada ya ndizi, na kile kiti cha mbao kikaliwa na mchwa bila mtu kukikumbuka.

Na sasa tulikuwa Buhembe, gari ni langu, dereva ni mimi, na kiganja chake kilikuwa juu ya mkono wangu.

"Mtumbwi haujafika, Koku."

"Ndiyo, Tata." Nikaondoa mkono kwenye gia. Tukakaa. Vioo vikaanza kujaa mvuke, kama zamani. Nilitaka kusema neno la kumfariji, na kwa kuwa sikulipata, nikasema la kijinga. "Unakumbuka Fundi Swedi alivyosema? Kwamba hata ikizimika tungoje tena, gia boksi inachelewa."

"Swedi alikuwa anajua kazi yake," alisema. Kisha akazungusha fimbo. "Lakini siku ile ya Adela, gia ilikuwa imeshashika. Niliisikia ikishika chini ya mguu wangu. Gari lilikuwa tayari."

Nikamgeukia.

"Nilikuwa nimembeba tangu hajui kutembea," Tata alisema. "Nilijua nikiachia tu breki, basi. Nikamwangalia kwenye kioo. Naye alikuwa ananiangalia. Alijua. Hakunihimiza." Akafuta kioo cha upande wake kwa kiganja, polepole, mpaka pakawa na tundu la kuonea nje. "Hakunihimiza hata kidogo."

Kupitia tundu lile niliona migomba, na kati ya migomba udongo mwekundu bado mbichi, na maua yaliyolowa umande. Tata alikuwa anatazama hapohapo. Machozi yake yalikuwa yanashuka na hakuyaficha, nami sikuyaficha yangu.

Taa ikazimika. Aliiona, nami niliiona. Nikakanyaga breki, nikaweka D, na gari likainama mbele kidogo. Mwanza ilikuwa mbali, na kazi ilikuwa inanisubiri. Nikaacha mguu wangu palepale kwenye breki.